Kuchagua Gari Lililokwisha Tumika

Siku hizi magari yameongezeka sana katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti. Ukisimama asubuhi kando ya barabara ya Sirari utayaona yakipita moja baada ya jingine: ya walimu, ya wafanya biashara, ya watumishi wa mgodi wa Nyamongo, na yale ya kuchukua abiria. Lakini machache sana kati ya hayo yalinunuliwa mapya. Karibu yote yalikwisha tumika kwingine kabla ya kufika kwetu, na mengine yamekwisha pita katika mikono ya watu watatu au wanne humu humu nchini.

Hapana aibu katika kununua gari la namna hiyo. Gari zuri lililotumika miaka kumi laweza kumfaa mtu miaka kumi mingine. Shida ni kwamba gari bovu nalo hupakwa rangi likang'aa sawasawa na zuri. Na fedha zinazonunua gari kwetu si fedha za mchezo. Mmoja ameuza ng'ombe wa nyumbani. Mwingine amekopa katika chama cha akiba na mikopo, naye atakatwa mshahara miaka mitatu. Mwingine ametoa kiinua mgongo chake chote. Gari likifa baada ya miezi miwili, deni halifi. Zinazofuata kupungua ni karo, sare za shule na chakula cha nyumbani.

Pengine mwanafunzi atauliza, "Mimi sina hata baiskeli, habari hizi zanihusu nini?" Zamhusu sana. Katika nyumba nyingi mwanafunzi wa sekondari ndiye anayeitwa kusoma kadi ya gari na hati ya mapatano kabla baba au mama hajatia sahihi. Tena mengi ya kupimia gari ni mambo yale yale tunayofundishwa katika Fizikia na Hesabu. Basi tuyatazame kwa taratibu.

MAGARI HAYA HUTOKA WAPI?

Mengi hutoka Japani. Kule, kama kwetu, magari hupita upande wa kushoto na usukani uko kulia; kwa hiyo gari lao hutufaa bila kubadilishwa. Tena sheria ya Japani hutaka gari dogo jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na gari likizeeka gharama huzidi. Kwa sababu hiyo Wajapani wengi huona afadhali kuuza gari ambalo bado lina nguvu na kununua jingine. Hayo yanayouzwa hupakiwa melini mpaka Mombasa, Dar es Salaam na bandari nyingine za Afrika.

Nchi zetu hazina sheria moja juu ya magari hayo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda ilikataza mwaka 2018 kuingiza yale yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka mpaka wa namna hiyo kwa magari madogo, bali hutoza ushuru wa ziada gari likiwa kuukuu. Ndiyo maana magari mengi yanayouzwa kwetu yana umri mkubwa, na mnunuzi hana budi kuujua umri huo kabla ya kutaja bei.

NAMBA YA GARI SI UMRI WAKE

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Namba za magari yetu zina herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu. Herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho ilianza na A, zikafuata B, C, D, na sasa E. Basi watu husema, "Hili ni namba D," au "Hili ni namba E," na bei hupanda kwa sababu ya herufi tu.

Lakini herufi hiyo hueleza jambo moja tu: gari liliandikishwa lini Tanzania. Haielezi lilitengenezwa lini wala limefanya kazi gani. Chukua magari mawili yaliyotengenezwa mwaka 2004. La kwanza lililetwa mapema, likapata namba B. La pili lilibaki Japani miaka kumi zaidi, kisha likaja na kupata namba D. Umri wao ni mmoja. Pengine hilo la namba B lilikuwa la mzee mmoja aliyelitunza, na hilo la namba D limebeba abiria mchana na usiku. Anayeongeza shilingi milioni mbili kwa sababu ya herufi amenunua kibati.

Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa katika kadi ya gari. Usome huo. Tena vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, uangalie kitambaa kidogo kilichoshonwa chini yake: mara nyingi mwaka umeandikwa hapo pia. Miaka hiyo miwili ikipishana sana, uliza kwa nini.

Rangi ya kibati nayo ina maana. Cha manjano ni cha gari la mtu binafsi. Cheupe ni cha gari la biashara. Kama kadi yaonyesha kwamba gari lilikuwa la biashara, jua kwamba limefanya kazi nyingi kuliko miaka yake.

KWANZA JUA NJIA YAKO NA KAZI YAKO

Hakuna gari zuri kwa kila mtu. Kuna gari lifaalo njia fulani na kazi fulani.

Anayekaa Tarime mjini na safari zake ni za lami, kwenda Sirari, au kuvuka Daraja la Kirumi kuelekea Musoma na Mwanza, gari dogo la chini lamtosha. Gari kama Toyota IST au Corolla hutumia mafuta machache, na vipuri vyake hupatikana karibu kila mji.

Mkulima wa Muriba au Nyarero ashushaye ndizi na kahawa kutoka milimani ana haja nyingine. Huyo ataka gari lenye nafasi nyuma na breki imara. Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, iliundwa hasa kwa kazi na mizigo midogo, wala si kwa fahari. Ndiyo maana imeenea upande wetu mpaka Kenya. Lakini kwa sababu hiyo hiyo Probox nyingi zinazouzwa zimekwisha choshwa. Gari lililoundwa kwa watu watano, dereva akiwamo, limekuwa likibeba wanane au zaidi kila siku katika njia ya mashimo. Ukiitaka, tafuta ile ambayo haikuwa ya abiria.

Anayekaa Mugumu, Machochwe au kando ya hifadhi ya Serengeti, ambako udongo mweusi wa mbuga hunata wakati wa masika, atazame sana urefu wa gari kutoka chini. Gari la chini sana litakwaruza tumbo lake kwenye matuta ya magurudumu ya malori, na oili yote yaweza kumwagika kwa jiwe moja. Je, anunue gari livutalo kwa magurudumu yote manne? Kama kazi yake yamlazimu kusafiri mvua zikinyesha, ndiyo. Kama siyo, afikiri mara mbili, kwa kuwa gari hilo lina vyombo vingi zaidi vya kuchakaa, na aghalabu hula mafuta zaidi.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: nunua gari ambalo fundi wa mji wako analijua na vipuri vyake viko dukani. Zamani Peugeot 404 ilipendwa sana Afrika Mashariki. Ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, katika njia za vumbi na matope kama zetu. Lakini mtu akinunua Peugeot 404 leo, hata ikiwa nzima, atapata vipuri wapi Tarime? Gari zuri lisilo na vipuri ni banda la kuku. Kabla ya kununua, pita katika maduka mawili ya vipuri, uulize bei ya shokapu, ya vitambaa vya breki na ya rejeta za gari unalolitaka. Majibu yao yatakufundisha zaidi kuliko sifa za muuzaji.

HESABU YA FEDHA

Kosa la kwanza la wenye fedha chache ni kutumia zote kwa kununua gari. Tuseme mzazi ana shilingi 12,000,000. Akinunua gari la 12,000,000, ataliwekea mafuta kwa mkopo. Afadhali atafute la shilingi 9,500,000 na kuacha 2,500,000. Katika hizo atalipa ada ya kubadilisha jina na ushuru wa stempu, bima, oili na vichujio vipya, pengine tairi mbili na betri, na zitakazosalia ataziweka kwa ajili ya ubovu utakaojitokeza katika miezi ya kwanza. Ubovu hautakosekana.

Halafu afanye hesabu ya mafuta. Mtu asafiri kilometa 60 kila siku kwa siku 25 za mwezi atakwenda kilometa 1,500. Gari liendalo kilometa 15 kwa lita moja litatumia lita 100. Liendalo kilometa 10 kwa lita litatumia lita 150. Tofauti ni lita 50 kwa mwezi, yaani lita 600 kwa mwaka. EWURA hutangaza bei za mafuta kila mwezi. Zidisha lita 600 kwa bei ya mwezi huu, uone. Gari lililokuwa rahisi kwa milioni moja laweza kuwa ghali kabla mwaka haujaisha.

Kama unafikiri kuagiza mwenyewe kutoka Japani, usitazame bei ya gari na meli peke yake. Gari likifika bandarini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru mwingine kwa kadiri ya ukubwa wa injini na umri. Kisha kuna malipo ya wakala na ya bandari, na safari ya zaidi ya kilometa 1,000 mpaka nyumbani. Andika yote katika karatasi moja kabla ya kutuma hata senti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KARATASI KWANZA, INJINI BAADAYE

Muuzaji atapenda kukuwashia injini na muziki. Wewe omba kadi ya gari. Fungua boneti, utazame namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma, uisome herufi kwa herufi, ukilinganisha na kadi. Kwa mfano, Probox yenye injini ya 1,500 isiyovuta kwa magurudumu manne, ya yale matoleo ya kwanza, aghalabu huanza na NCP51. Kama namba imekwaruzwa, imechomelewa au herufi hazilingani, funga boneti uage kwa adabu. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini.

Jina lililo katika kadi ni la nani? Kama si la huyo anayeuza, aje mwenye jina, au wakili athibitishe ruhusa yake. Mtu akikuambia, "Mwenyewe yuko safarini, lakini ni ndugu yangu," mwambie kwamba utamngoja arudi. Kisha nenda ofisi ya TRA ukahakikishe kwamba kadi ni ya kweli. Ulizia pia madeni ya faini za barabarani, kwa sababu huandikwa kwa namba ya gari, nawe utayarithi pamoja na gari. Kama kadi iko benki, gari ni dhamana ya mkopo; usilipe mpaka mkopo umekwisha na kadi imetolewa.

Sisi tulio karibu na mpaka tuna hatari nyingine. Mtu aweza kupewa gari lenye namba za Kenya kwa bei ndogo ya ajabu, akaambiwa kwamba kodi ilikwisha lipwa kule ng'ambo. Lakini gari la Kenya likiingia kwa safari huingia kwa kibali cha muda tu. Ili liwe gari la Tanzania hapana budi lipite forodhani Sirari au kwingine, lilipiwe linachodaiwa, na liandikishwe kwa namba zetu. Likipitishwa kwa njia za panya, laweza kukamatwa na kutaifishwa kwa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hapo fedha imepotea, gari limepotea, na mnunuzi ana kesi ya kujibu.

KULITAZAMA GARI

Nenda mchana, jua likiwa limewaka, wala si jioni wala wakati wa mvua, kwa maana maji hufanya kila rangi ing'ae. Simama hatua kumi mbali, utazame ubavu mzima. Kama mlango mmoja una rangi inayopishana kidogo na mwenzake, ulikwisha gongwa. Tazama nafasi kati ya milango na boneti: zapasa kuwa sawa pande zote.

Chukua sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa laini. Sumaku hushika chuma, haishiki pati ambayo mafundi hujazia palipobonyea. Ipitishe polepole juu ya milango na mabawa. Ikidondoka mahali fulani, hapo chini ya rangi pana pati. (Isikushangaze ikidondoka kwenye bampa, maana bampa nyingi ni za plastiki.) Kubonyea kidogo si neno. Lakini inua zulia la buti na la miguuni: ukiona vyuma vimekunjwa na kuchomelewa, au kutu nyingi na harufu ya matope, gari lilipata ajali kubwa au lilizama katika maji.

Tazama tairi. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umekauka kwa uzee, nayo hupasuka gari likiwa katika mwendo. Kama tairi imelika upande mmoja tu, miguu ya mbele haikunyooka, au bushi na boljointi zimekwisha.

Usiamini mita ya kilometa peke yake, kwa kuwa yaweza kurudishwa nyuma. Ilinganishe na mambo mengine. Mita ikisema kilometa 60,000, na mpira wa kanyagio la breki umelika, usukani umekuwa laini kama kipini cha jembe, na kiti cha dereva kimebonyea, basi mita inasema uongo.

INJINI IWE BARIDI

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe injini kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, uliza kwa nini. Injini nyingi mbovu huwaka vizuri zikipashwa, lakini asubuhi hukataa.

Ingali baridi, fungua rejeta utazame maji. Usifungue kamwe ikiwa ya moto, maana maji yatakurukia na kukuunguza uso. Maji yawe safi au ya rangi ya dawa yake. Yakiwa na utando wa oili juu, ni hatari. Kisha vuta kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi yamaanisha tu kwamba haikubadilishwa muda mrefu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana ndani ya injini. Gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka. Gari la namna hiyo liache, hata wakupunguzie nusu ya bei.

Sasa washa, na mwenzako asimame nyuma atazame bomba la moshi. Moshi wa bluu waonyesha kwamba injini inaunguza oili, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Moshi mweusi ni wa mafuta yanayozidi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ya Tarime si kitu, utakwisha injini ikipata joto. Lakini moshi mweupe mzito usiokwisha ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Tazama pia taa za dashibodi. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikianza kunguruma. Isipowaka kabisa, yawezekana imefichwa makusudi.

KULIENDESHA

Usinunue gari ambalo hukuliendesha, au ambalo fundi wako hakuliendesha mbele yako. Liendeshwe muda usiopungua nusu saa, katika lami na katika mashimo, kupanda na kushuka. Kama ni la otomatiki, likitiwa gia liitikie mara moja. Likichelewa kisha likaruka, giaboksi inakwisha, na giaboksi yaweza kugharimu robo ya bei ya gari. Kama ni la gia za mkono, sikia kama klachi inateleza mlimani: injini yapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Mshale wa joto ukishatulia mahali pake usipande tena, hata mlimani.

Breki zitazamwe kuliko yote. Tumejifunza katika Fizikia kwamba mwendo wa gari ukiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huwa mara nne. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile liendalo 40, na breki ndizo zinazopaswa kuigeuza yote kuwa joto. Dereva ashukaye kutoka milima ya Tarime na mzigo nyuma yake hana kitu kingine cha kumwokoa isipokuwa breki na gia ndogo. Katika barabara tupu, shika breki kwa nguvu: gari lisimame sawa bila kuvuta upande. Kanyagio likizama polepole ukiwa umelikanyaga, usiendelee na safari. Ubovu wa kiyoyozi utakutoa jasho. Ubovu wa breki utaua watoto njiani.

FUNDI, DALALI NA MAPATANO

Mchukue fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali atasifu gari, kwa kuwa chakula chake kiko kwao. Siku hizi mafundi wengi wana chombo cha kuchomeka katika gari kisomacho hitilafu zilizoandikwa na kompyuta yake. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na hasara.

Usiende na fedha mkononi siku ya kwanza. Aliye na fedha mfukoni hutamani kumaliza, na muuzaji atamwambia kwamba yuko mnunuzi mwingine anakuja saa nane. Mwache huyo mwingine anunue. Magari hayajaisha duniani, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wazee wetu wakienda mnadani kununua ng'ombe wa kulima hawaamui kwa rangi ya ngozi. Humtembeza, humtazama meno na kwato, huuliza alikotoka, na wasiporidhika hurudi nyumbani na fedha zao. Gari ni ghali kuliko ng'ombe. Kwa nini tulichague kwa haraka zaidi?

Mkipatana, andikeni mapatano mbele ya wakili na mashahidi: majina, namba ya gari, namba za chasisi na injini, bei, na tarehe. Lipa kwa njia ya benki ili pawe na ushahidi, wala usibebe mamilioni njiani. Kisha nenda upesi ukabadilishe jina TRA. Mpaka jina libadilike, gari kwa hati bado ni la mwenzio; akifa, au akidaiwa, utaanza kugombana na ndugu zake. Kata bima ile ya lazima walau, kabla gari halijalala usiku wa kwanza kwako.

Baada ya hapo badilisha oili na vichujio vyote mara moja, hata kama muuzaji amesema vilibadilishwa jana. Katika vumbi la kiangazi la njia za Nyamongo na Mugumu, kichujio cha hewa huziba upesi. Kikaguliwe mara kwa mara. Weka daftari dogo ndani ya gari: tarehe, kilometa, kilichobadilishwa, na bei yake. Daftari hilo litakusaidia wewe sasa, na siku utakapouza litamsaidia mnunuzi kukuamini.

Kwa ufupi, mwenye fedha chache asinunue jina, rangi wala herufi ya namba. Anunue hali ya gari, katika karatasi safi, kwa bei inayomwachia akiba. Muuzaji ataondoka na fedha zake siku ile ile, na dalali ataondoka na fungu lake. Mnunuzi peke yake ndiye atakayebaki na gari hilo usiku wa mvua, njiani, pamoja na watoto wake ndani yake. Nanyi wanafunzi wenzangu, siku mtakapoitwa nyumbani kusoma kadi ya gari, someni kila neno, na tena msione haya kusema mbele ya wakubwa, "Baba, namba hizi hazilingani."